Sindano ya mgongo au usingizi kamili? Ulinganisho kwa familia yenye mzee aliyevunjika nyonga

Swali hili huulizwa kwenye korido, mara nyingi na binti mkubwa wa mgonjwa, akiwa bado ameshika bahasha ya picha za eksirei: "Docta, kambo mutamulalisha, ao mutamutia shindano ya mugongo?" Kambo kwetu ni babu au bibi. Anayeulizwa kwa kawaida si daktari. Ni muuguzi wa anestezi kama mimi, kwa kuwa hapa Lubumbashi, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Kongo, wauguzi waliosomea kazi hiyo ndio wanaotoa sehemu kubwa ya dawa za ganzi na za usingizi. Nyuma ya swali huwa kuna hofu mbili zinazoshindana: kwamba mzee akilazwa usingizi hataamka, na kwamba akichomwa mgongoni hatatembea tena. Kwa kuwa familia nyingi hulazimika kukubali au kukataa ndani ya dakika chache, nimeona vyema kuziweka njia hizi mbili ubavu kwa ubavu, pamoja na mambo yanayozizunguka, ambayo kwa maoni yangu yana uzito kuliko zenyewe.

Niseme mapema ninakoelekea, ili msomaji asome akijua. Kwa wazee walio wengi, njia zote mbili huwafikisha karibu mahali pamoja baada ya miezi miwili. Katika vyumba vya upasuaji vya mji wetu mimi huegemea sindano ya mgongo, kwa sababu zinazohusu umeme, oksijeni na idadi ya wauguzi wa usiku. Lakini wapo wagonjwa ambao kwao ningekataa sindano hiyo bila kusita, nami nitawataja.

Kilichovunjika, na saa zinazopita

Tunaposema mzee amevunjika nyonga, mara nyingi kilichovunjika ni sehemu ya juu ya mfupa wa paja: ama shingo yake, ndani ya mfuko wa kiungo, ama chini kidogo ya hapo, nje ya mfuko huo. Tofauti hii si ya wapasuaji peke yao. Mfupa ukivunjika ndani ya mfuko, damu inayovuja ni kidogo, na kwa mzee tiba ya kawaida ni kuondoa kichwa cha mfupa na kuweka cha bandia. Ukivunjika nje ya mfuko, paja linaweza kumeza lita moja ya damu au zaidi bila tone kuonekana, na mpasuaji huunga mfupa kwa skrubu na sahani ya chuma au kwa msumari mrefu unaopitishwa ndani ya mfupa. Kwa mtoa usingizi, mgonjwa wa pili ni hatari zaidi kuliko wa kwanza, hata kama umri wao ni mmoja, kwa sababu anaweza kufika mezani akiwa amepungukiwa damu bila mtu yeyote kujua. Ndiyo maana tunawaomba ndugu wa kutoa damu kabla hata ya kuzungumzia dawa.

Kumwacha kitandani na mguu umefungwa uzito wa kuuvuta, kwa matumaini kwamba mfupa utajiunga wenyewe, huonekana kama njia ya upole. Kwa mzee si upole. Wiki za kulala chali huleta nimonia, vidonda vya kulalia na damu kuganda miguuni, na wengi hawanyanyuki tena. Katika nchi zinazoweka takwimu za ugonjwa huu, hata pale upasuaji unapofanyika vizuri, kati ya mzee mmoja katika watano na mmoja katika watatu hufariki ndani ya mwaka mmoja. Uingereza inataka upasuaji ufanyike siku hiyo au siku inayofuata. Kwingineko mpaka unaotajwa sana ni saa 48. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililohusisha wagonjwa 2,970 katika nchi 17, ambamo kundi moja lilipasuliwa takriban saa sita baada ya kuthibitishwa kuvunjika na jingine baada ya takriban saa 24. Vifo havikutofautiana. Hata hivyo waliopasuliwa mapema walichanganyikiwa akili wachache zaidi, walisimama mapema na walirudi nyumbani mapema.

Saa sita na saa 24! Kwetu tunahesabu siku. Mzee ameanguka uani Katuba au Ruashi, mitaa ya mji wetu, siku ya Jumatatu. Jumanne ameletewa mganga wa mifupa aliyemkanda na kumfunga vijiti. Alhamisi familia imekusanya pesa za kufungulia faili. Ijumaa mashine ya eksirei haifanyi kazi. Sisemi haya kumlaumu mtu, kwa kuwa pesa hazitoki mtini. Ninasema kwa sababu familia hiyohiyo huja Jumamosi ikibishana kwa saa nzima kuhusu aina ya dawa, kana kwamba ndiyo itakayoamua hatima ya kambo, wakati siku tano zimekwisha kuamua mengi. Anayefikiria kumpeleka mgonjwa ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, upande wa Zambia, kutafuta hospitali bora naye ajumlishe saa za barabara na za mpaka katika hesabu yake, akikumbuka kwamba kila shimo la barabarani hutikisa mfupa uliovunjika.

Njia ya kwanza: sindano ya mgongo

Mgonjwa hukalishwa au hulazwa ubavu, hukunja mgongo, na sindano nyembamba sana hupitishwa katikati ya mifupa ya kiuno mpaka kwenye maji yanayozunguka mishipa ya fahamu. Dawa, ambayo kwetu karibu daima ni bupivakaini nzito, hutiwa kwa kiasi kidogo. Kwa mzee aliyekonda miligramu 10 au pungufu mara nyingi hutosha. Baada ya dakika chache miguu huwa ya moto, kisha mizito, kisha kama si yake. Ganzi hudumu takriban saa mbili hadi tatu.

Hofu ya kupooza inastahili jibu la wazi. Uti wa fahamu wenyewe huishia juu ya mahali tunapochoma; chini ya hapo kuna mishipa inayoelea majini kama nyuzi, na sindano huisukuma pembeni badala ya kuitoboa. Madhara ya kudumu hutokea mara chache mno. Maumivu ya kichwa, ambayo wengi wameyasikia kutoka kwa akina mama waliojifungua kwa upasuaji, huwapata vijana zaidi kuliko wazee. Daktari August Bier, aliyeanzisha njia hii mjini Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, alijaribiwa yeye mwenyewe na msaidizi wake, akaumwa kichwa kwa siku kadhaa. Lakini sindano za siku zile zilikuwa nene kuliko zetu za leo.

Ugumu wa kweli uko mahali ambapo familia haioni: kumkalisha mtu mwenye nyonga iliyovunjika. Namkumbuka bibi mmoja mwembamba, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mistari miwili, ambaye wauguzi wawili walimshika mabega huku nikimwambia, "Kambo, kunja mugongo kama paka," naye akajibu kwa sauti ndogo, "Paka gani mwenye mguu umevunjika, mwanangu?" Alikuwa na haki. Tulimlaza tena, tukamchoma kwanza ganzi ya kinenani ambayo nitaieleza baadaye, tukangoja dakika ishirini, na safari ya pili alikaa bila kulia. Mifupa ya mgongo ya wazee nayo hukakamaa na kufunga njia. Wakati mwingine unajaribu mara tatu, nne, kisha unaacha. Anayekubali sindano ya mgongo akubali pia, tangu mwanzo, kwamba huenda akalazwa usingizi ikishindikana.

Jambo la pili la kuangalia ni presha. Dawa hulegeza mishipa ya damu ya nusu nzima ya mwili, na presha huporomoka, hasa kwa mzee aliyekauka maji au aliyepoteza damu. Dozi ndogo, maji ya mshipani na efedrini, dawa ya kupandisha presha, iliyokwisha kuvutwa kwenye bomba la sindano kabla ya kuanza ndiyo kinga. Efedrini iliyofungiwa kabatini na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda kula si kinga.

Njia ya pili: usingizi kamili

Hapa dawa hupitishwa mshipani, mgonjwa hulala, bomba au barakoa ya kooni huwekwa kulinda njia ya hewa, na mvuke wa usingizi humweka hivyo mpaka mwisho. Faida zake ni za kweli. Haihitaji kumkalisha. Haina kikomo cha saa tatu. Upasuaji ukirefuka, usingizi hurefushwa. Na mgonjwa hasikii nyundo, jambo ambalo si dogo, kwa kuwa kugonga chuma ndani ya mfupa hutoa sauti ambayo mzee aliye macho huisikia barabara, hata kama haumii.

Gharama zake nazo ni za kweli. Presha huporomoka hapa pia, wakati mwingine kuliko kwa sindano, kwa sababu mwili wa mzee huhitaji dawa kidogo sana na ni rahisi kuzidisha. Koo huwasha, kichefuchefu hufuata, na meno yaliyolegea yako hatarini. Tafadhali tuambieni kuhusu jino linalocheza kabla hatujaingiza kifaa, na msione aibu kuyavua ya bandia. Aliye na chakula tumboni anaweza kukivutia mapafuni. Na baada ya upasuaji panahitajika mtu wa kukaa karibu naye, si mlangoni, mpaka apumue vizuri na aitike jina lake.

Ubora wa usingizi hutegemea mashine. Pale palipo na mvuke wa kisasa, kipimo cha hewa inayotoka mapafuni na oksijeni ya uhakika, mzee wa miaka 85 hulazwa na kuamshwa kwa usalama. Pale palipobaki halotani peke yake, dawa ya zamani inayopunguza kasi ya moyo na kuuvuruga mapigo, mimi humwogopea mzee wa aina hiyohiyo.

Kuna pia ketamini, dawa ya usingizi ya kuchomwa, ambayo kwetu wengi huijua kwa jina na kuipenda, kwa kuwa haishushi presha wala haizimi pumzi kwa urahisi, na imewahi kufanya kazi gizani wakati umeme umekatika. Kiasi kidogo chake husaidia kumgeuza mgonjwa kwa ajili ya sindano. Kuitumia peke yake kumpasua mzee ni jambo jingine. Palikuwa na wazo kwamba inaweza hata kulinda akili isichanganyikiwe; jaribio lililochapishwa mwaka 2017 kwa wagonjwa 672 wenye zaidi ya miaka 60 halikuonyesha kinga hiyo, ila lilionyesha kwamba waliopewa ketamini waliona maono na ndoto mbaya zaidi. Ukimsikia babu akizungumza na mkewe aliyefariki miaka kumi iliyopita, uliza kwanza alipewa dawa gani kabla ya kutafuta maelezo mengine.

Majaribio makubwa yalipata nini

Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba sindano ya mgongo ni bora kwa mzee, hasa kwa akili yake. Mafundisho hayo yalitokana kwa sehemu kubwa na kulinganisha mafaili ya hospitali, ambamo waliolazwa usingizi mara nyingi walikuwa tayari wagonjwa zaidi. Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio lililoitwa REGAIN, lililogawa kwa kura wagonjwa 1,600 wenye miaka 50 na zaidi katika hospitali 46 za Marekani na Kanada. Lilichopima ni kitu ambacho familia yoyote ya mtaa wa Kenya au Kamalondo hapa mjini ingekielewa: baada ya siku 60, je, mgonjwa amefariki, au hawezi kutembea takriban mita tatu bila kushikwa na mtu? Jibu lilikuwa ndiyo kwa asilimia 18.5 ya waliopangiwa sindano ya mgongo na asilimia 18.0 ya waliopangiwa usingizi. Kuchanganyikiwa akili hospitalini: asilimia 20.5 kwa 19.7. Vifo ndani ya siku hizo 60: asilimia 3.9 kwa 4.1. Kwa lugha ya sokoni, bei ni moja.

Wapinzani walisema, na hoja yao ilikuwa nzuri, kwamba wengi wa waliochomwa mgongoni walipewa pia dawa za kuwasinziza, hivyo ulinganisho ulichafuka. Mwaka uliofuata, 2022, yakaja matokeo ya China, kwa wagonjwa 950 wenye miaka 65 na zaidi katika hospitali tisa, ambamo waliopigwa ganzi hawakusinzizwa kabisa. Waliochanganyikiwa ndani ya siku saba walikuwa asilimia 6.2 kwa ganzi na 5.1 kwa usingizi. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha kutokuwa na maana. Hofu kwamba usingizi wenyewe ndio unaoharibu akili ya mzee haina nguzo tena.

Kuna tokeo moja la REGAIN ambalo halitajwi sana, nami nilipolisoma nilirudia mara mbili. Katika saa 24 za mwanzo, waliochomwa mgongoni waliripoti maumivu makali kidogo zaidi kuliko waliolazwa usingizi. Tungetarajia kinyume chake. Maelezo yangu, na ni yangu tu, ni kwamba ganzi hudanganya: mzee hurudi wodini akitabasamu, kila mtu anaridhika, hakuna anayempa dawa, kisha saa tatu zikiisha maumivu huingia yote kwa pamoja, mara nyingi usiku. Aliyelazwa usingizi huamka akilalamika mapema, na anayelalamika hupewa dawa.

Pale ambapo uchaguzi si sawa

Takwimu hizo ni za watu kwa jumla, na ziliwaacha nje wale ambao njia moja kwao ilikuwa imekatazwa. Kwa hao, mizani huinama.

Dawa za kuzuia damu kuganda huamua haraka kuliko kitu kingine. Aspirini haimzuii mtu kuchomwa mgongoni. Klopidogreli humzuia kwa siku tano hadi saba baada ya kidonge cha mwisho, wafarini mpaka kipimo cha damu kirudi karibu na kawaida. Kumngojesha mzee wiki nzima kwa ajili ya sindano ni kubadilisha hatari ndogo kwa kubwa, hivyo hapo mimi huchagua usingizi. Mwathirika wa kawaida ni baba mstaafu aliyewahi kutibiwa moyo Afrika Kusini, ambaye vidonge vyake viko katika mfuko wa plastiki nyumbani na hakuna aliyeuleta. Leteni mfuko wote, hata vidonge vya majani na vya soko.

Wa pili ni mwenye mlango wa moyo uliosinyaa, ule wa kutokea mshipa mkuu. Moyo wake hauwezi kufidia presha inapoporomoka ghafla, na sindano ya kawaida ya mgongo inaweza kumwangusha pale pale. Huyu anahitaji mikono yenye uzoefu na usingizi unaopandishwa polepole. Ukiwahi kuambiwa kwamba moyo wa mzee "unapiga kelele", au kama huzimia akipanda ngazi, sema.

Upande wa pili wako wenye mapafu mabovu: waliofanya kazi migodini na kuvuta vumbi miaka thelathini, wavutaji sigara, waliowahi kuugua kifua kikuu kilichoacha makovu. Ni wengi katika mji huu uliojengwa juu ya shaba. Kwao ninapendelea sindano ya mgongo, ili wabaki wakipumua wenyewe na kukohoa wenyewe. Hali ni hiyohiyo kwa mwenye shingo isiyokunjika au mdomo usiofunguka, ambaye kumwekea bomba ni kazi ya hatari pasipo vifaa vya kamera.

Aliyekwisha kupoteza kumbukumbu kabla ya kuanguka ni mgumu kuamuliwa. Wengine husema achomwe mgongoni ili akili isiguswe. Lakini mtu asiyeelewa kwa nini amefungwa kwenye meza akiwa macho huhangaika, nasi hulazimika kumsinziza, na tumerudi tulipoanzia. Huyu ningemlaza usingizi mwepesi bila majuto. Aliye na jipu au maambukizi mahali pa kuchomea, au homa kali ya damu, hachomwi. Na anayekataa kwa kinywa chake, akijua anachokataa, naye hachomwi, hata kama wanawe wote watano wametia sahihi.

Baada ya hao, inabaki hali ya chumba. Uliza mambo matatu bila kuona haya: je, kuna jenereta iliyo na mafuta, je, oksijeni inatoka kwenye chupa au kwenye mashine inayozimika pamoja na umeme, na nani atakaa na mgonjwa katika saa mbili za kwanza? Majibu yakiwa mazuri, chagueni kwa kuangalia mgonjwa. Majibu yakisuasua, sindano ya mgongo humwacha mzee akijilinda mwenyewe zaidi kuliko usingizi, kwa kuwa umeme ukikatika anaendelea kupumua. Hii ndiyo sababu yangu ya kuiegemea, na siku tutakapokuwa na vyumba vya kuwaamshia vyenye wauguzi wa kutosha, sababu hiyo itapungua nguvu.

Sindano ambayo hakuna anayeiuliza

Ganzi ya kinenani huchomwa chini kidogo ya mkunjo wa paja, pembeni ya mshipa mkubwa wa damu, ambapo dawa iliyochanganywa maji mengi hutandazwa chini ya utando unaofunika misuli na mishipa ya fahamu inayokwenda kwenye nyonga. Haimlazi mtu wala haishushi presha. Hutuliza maumivu ndani ya nusu saa na hudumu saa nyingi. Inaweza kufanywa siku ya kwanza mapokezini, kabla ya picha, kabla ya fedha kukamilika. Uchambuzi wa majaribio mengi uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba ganzi za aina hii hupunguza maumivu ya kusogezwa, na hupunguza kuchanganyikiwa akili. Yaani kile ambacho familia inakitafuta kwa kuchagua kati ya njia mbili kubwa kinapatikana kwa njia ya tatu, ndogo, ambayo huongezwa juu ya yoyote kati ya hizo.

Dawa yake ni ileile bupivakaini iliyopo katika kabati la karibu kila hospitali, na ufundi wake hujifunzwa kwa siku chache, hata bila mashine ya picha, kwa kusikiliza miguso miwili ya sindano inapopita tando. Kinachokosekana ni mazoea. Kama ningekuwa ndugu wa mgonjwa, swali langu la kwanza kwenye korido lingekuwa: "Je, mtampa ganzi ya kinenani leo, na tena baada ya upasuaji?"

Njaa, baridi, na siku ya pili

Mzee anayengoja upasuaji mara nyingi hunyimwa chakula na maji tangu jioni. Asubuhi orodha imejaa, jioni umeme umekatika, kesho yake hivyohivyo. Nimeona mgonjwa akifika mezani akiwa na siku mbili bila bukari (ugali) wala maji, ulimi umekauka kama ngozi ya ngoma. Kanuni ni saa sita kwa chakula na saa mbili kwa maji matupu au chai isiyo na maziwa. Upasuaji ukiahirishwa, dai sahani yake papo hapo. Mwenye kiu ndiye ambaye presha yake itaporomoka, iwe kwa sindano au kwa usingizi.

Mwezi wa sita na wa saba, wakati Lubumbashi inapoonja baridi yake, leteni mablanketi mawili na kofia ya sufu. Njia zote mbili huufanya mwili ushindwe kujitunzia joto, na kutetemeka humchosha moyo.

Kesho yake asubuhi mzee asimame. Nasisitiza neno hilo: asimame, kwa kushikwa na watu wawili au kwa kushikilia kiti anachokisukuma mbele yake, akikanyaga kwa uzito wote anaoweza kuvumilia, isipokuwa mpasuaji mwenyewe amekataza na kueleza sababu. Familia nyingi huona hiyo ni ukatili, na binti hulia kuliko mgonjwa. Mapafu lakini hufunguka mtu akiwa wima, na miguu isiyotembea ndiyo inayogandisha damu. Ili asimame ni lazima asiumie, kwa hiyo parasetamoli itolewe kwa saa zake, si pale anapolalamika tu, na morfini kwa kiasi kidogo pale inapohitajika. Valiamu "ili alale vizuri" ikataliwe. Kwa mzee ndiyo njia fupi ya kuchanganyikiwa. Mpira wa mkojo utolewe mapema. Sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda huendelea kwa takriban mwezi mmoja, na gharama yake iwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa kuwa wengi huviacha siku ya kutoka.

Kuchanganyikiwa kukitokea, mara nyingi ni usiku wa kwanza au wa pili: anavua nguo, anavuta mirija, anamwita mwanawe kwa jina la kaka yake. Si uchawi, na mara nyingi hupita. Mlinzi wa mgonjwa, yule tunayemwita gadimaladi, ndiye dawa bora hapa. Amvishe miwani yake, amwambie siku na mahali, ampe maji kidogo kidogo, amwache alale usiku na kumwamsha mchana. Na aite muuguzi, kwa sababu nyuma ya maneno yale yaliyopotea kunaweza kuwa na homa, mkojo uliojaa, oksijeni iliyoshuka au maumivu asiyoweza kuyataja. Gadimaladi awe mtu mmoja anayemfahamu, badala ya binamu mpya kila usiku.

Kabla ya kutoka hospitalini, ombeni nakala ya karatasi ya anestezi. Ni ukurasa mmoja wenye mistari midogo ya presha na majina ya dawa, na mara nyingi hubaki ndani ya faili ambalo halitaonekana tena. Yaandikwe pale mambo mawili: kama sindano ya mgongo iliingia kwa urahisi au ilishindikana, na kama bomba la kooni liliwekwa kwa shida. Mtu aliyevunjika nyonga moja yuko katika hatari ya kuvunjika ya pili, na atakayempokea usiku ule anaweza kuwa mgeni kabisa kwake. Ile karatasi itunzwe pamoja na kadi ya uchaguzi, mahali ambapo kila mtu nyumbani anapajua.